Vumbi, VIH na dexa: tusikate simu ya askari wa mwili wetu



Katika miji yetu ya machimbo, kikohozi kiko na jina moja tu: tebe. Mutu akikohoa wiki tatu, akikonda, akitoka jasho usiku, majirani wameisha kukata maneno: «Ile ni tebe.» Mara nyingi wako na haki. Tebe iko nyingi kwetu, na mutu mwenye anawaza tebe kwanza anawaza vizuri. Lakini leo tunataka kusema juu ya adui mwingine mwenye anajifichaka nyuma ya jina la tebe: kuvu ya mapafu. Tunataka pia kusema juu ya askari wenye wanapigana naye ndani ya mwili, namna wanaitana na namna wanatembea. Tukiisha kujua ile, tutaona wazi kwa nini vitu vitatu vya maisha yetu ya kila siku vinatuua pole pole: vumbi ya mawe, VIH bila dawa, na ile kidonge ya dexa yenye inauzwaka barabarani.

Kuvu tunaijua wote. Bowa zenye mama wanauzaka kando ya barabara ya Likasi wakati wa mvua ni kuvu. Ukungu wa kijani juu ya mukate ya zamani ni kuvu. Ile unga nyeupe inapanda juu ya mbao zenye tunategemeza nazo mashimo, nayo mara nyingi ni kuvu. Nyingi hazina ubaya, zingine ni chakula. Lakini ziko zenye mbegu zao ni ndogo sana, hata jicho haliwezi kuziona. Mbegu ya Aspergillus iko na mikroni 2 mpaka 3, maana yake ukizipanga 300 kwa musitari, hazifiki hata milimita moja. Mbegu kama ile haishikwi na manywele ya pua. Inashuka moja kwa moja mpaka chini ya mapafu, sawa vile vumbi yetu.

Katika mashimo yenye popo wanalala, udongo uliochanganyika na mavi yao unaweza kulisha kuvu yenye inaitwa Histoplasma. Sisi watu wa Afrika tuko na aina yetu: inaitwa duboisii, kwa heshima ya munganga Mubelgiji Albert Dubois, na Raymond Vanbreuseghem aliiandika mu 1952. Ile aina inapendaka ngozi, mifupa na vifundo. Cryptococcus nayo inakaa katika mavi ya njiwa na katika miti, na ikiingia mwilini inapandaka mpaka kwenye bongo. Mu 2022 Shirika la Afya la Dunia, OMS, lilitoa kwa mara ya kwanza liste ya kuvu 19 zenye dunia inapaswa kuogopa. Cryptococcus na Aspergillus ziko katika kundi la juu kabisa. Histoplasma iko katika kundi lenye linafuata.

Sasa tujiulize: kama zile mbegu ziko katika hewa, kwa nini hatufi wote? Ni juu ya askari.

Mutu wa kwanza kuona ile vita kwa macho yake alikuwa Elie Metchnikoff, mutu wa Dola ya Urusi ya zamani. Mu 1884 aliandika juu ya kadudu ka maji kenye kanaitwa dafnia. Kale kadudu, mwili wake ni kama kioo, unaona ndani yote. Metchnikoff aliona mbegu za kuvu, zenye ncha kama sindano, zinatoboa tumbo ya dafnia. Na aliona chembe ndogo za mwili zinatoka kule zilikuwa, zinakuja mbio, zinazunguka ile mbegu na kuimeza. Kama chembe zinashinda, dafnia inapona. Kama zinashindwa, kuvu inajaa na dafnia inakufa. Watu wengi walimucheka. Mu 1908 walimupa Prix Nobel, pamoja na Paul Ehrlich. Njo kusema, elimu ya askari wa mwili ilizaliwa na kuvu.

Ndani ya mapafu yetu kuko walinzi wenye hawatoki pale. Waganga wanawaita makrofaji, maana yake walaji wakubwa. Mbegu ikianguka, mulinzi anaipapasa. Ngozi ya kuvu iko na sukari yenye mwili wa mutu hauna. Juu ya mulinzi kuko mukono mudogo wenye unajua ile sukari. Unaitwa Dectin-1, na watafiti wa Oxford, Gordon Brown na Siamon Gordon, waliutangaza mu 2001. Ule mukono ukigusa sukari, mulinzi anajua: huyu haiko wa kwetu. Anafanya vitu viwili: anameza, na anapiga simu.

Simu yake haiko ya maneno. Ni harufu. Anatoa protini ndogo zenye zinaenea katika nyama na kuingia katika mishipa ya damu. Pale karibu, ukuta wa mushipa unabadilika, unakuwa wa kunata. Katika damu kuko askari wengine wanapita mbio, wanaitwa netrofili. Wakifika pale wanapunguza mwendo, wanabingirika juu ya ukuta, wanasimama, kisha wanajifinya na kupita katikati ya chembe za ukuta. Wakiisha kutoka, wanafuata harufu: kwenye inakuwa kali zaidi, kule njo wanaenda. Sawa mutu mwenye anatafuta moto kwa kufuata moshi.

Na netrofili wa kwanza akifika, naye anaita. Anatoa mafuta ya harufu yenye inaitwa lekotriene B4. Wa pili anaisikia, anakuja, na yeye anaita. Wa tatu vilevile. Kwa muda kidogo wanajaa pale kama nyuki. Kuvu ikiwa ndefu sana, hawawezi kuimeza, wengine wanapasuka kwa kusudi na kutupa nyuzi za ndani yao kama wavu wa muvuvi, na kuvu inanaswa. Askari anakufa, lakini adui hatembei tena.

Ile ni kazi ya masaa. Kuko kazi nyingine ya siku nyingi. Chembe zenye ziko na mikono kama matawi zinachukua kipande cha adui na kusafiri nacho katika mishipa ya maji ya mwili mpaka kwenye vifundo, vile tunavishikaka shingoni na kwapani vikivimba. Kule njo kuko bureau. Zinaonyesha kile kipande kwa chembe zenye waganga wanaita CD4. Tuseme wazi: CD4 ni makapita. Kapita hamezi adui. Kazi yake ni kutoa amri. Akijua adui, anazaa makapita wengine kama yeye, wanashuka mpaka kwenye mapafu na kuambia walinzi: «Ile yenye umemeza, iue!»

Ile amri ni ya lazima, juu kuvu ziko na akili. Histoplasma inavaa koti juu ya ile sukari, mukono wa mulinzi usiiguse. Zaidi ya pale, inakubali kumezwa. Inakaa ndani ya tumbo ya mulinzi, inakula, inazaa. Na mulinzi akitembea, anaibeba: anaipeleka katika ini, katika bandama, katika mafuta ya mifupa. Adui amepanda gari ya askari! Cryptococcus nayo inaweza kupita vile kwenda kwenye bongo. Bila amri ya kapita, mulinzi anakuwa dereva wa mwenye kumuua.

Mutu wa shimo anaelewa ile bila masomo mengi. Mwenye iko chini akivuta kamba, wa juu wanajua. Kamba ikikatika, hata kama kuko wanaume mia moja juu wenye nguvu, hakuna mwenye atashuka. Mwili ni vile vile. Askari tuko nao. Shida yetu ni kamba yenye inakatwa. Na tunasema: mara nyingi inakatwa na vitu vyenye tungeweza kuzuia.

Kitu cha kwanza ni vumbi ya mawe. Ndani ya mawe mengi yenye tunatoboa na kutwanga kuko silisi. Mulinzi wa mapafu anameza chembe ya silisi sawa vile anameza mbegu. Lakini silisi haiyeyuki. Inapasua tumbo yake, anakufa, ile chembe inaanguka, mulinzi mwingine anaimeza, naye anakufa. Kila kifo ni kelele ya bure: simu zinapigwa mchana na usiku na hakuna adui wa kuua. Mapafu yanajaa makovu magumu. Tebe inaingia kirahisi katika mapafu kama yale. Tebe ikiisha kupona, inaacha matundu, na katika lile tundu Aspergillus inajenga nyumba yake. Mutu amemaliza dawa ya tebe vizuri kabisa, na mwaka wenye unafuata anakohoa damu. Wanamurudisha kwenye dawa ya tebe. Lakini dawa ya tebe haiui kuvu.

Kitu cha pili ni VIH. VIH inaua nani? Inaua CD4, makapita wenyewe. Njo maana mugonjwa wa sida anaweza kufa na kuvu yenye jirani yake anavuta kila siku bila kusikia kitu. Kichwa kinauma wiki na wiki, anatapika, macho yanaona mbili mbili, na familia inasema amelogwa. Kumbe ni Cryptococcus katika bongo. Na leo kuko kipimo cha tone ya damu chenye kinaonyesha ile kuvu mbele kichwa hakijaanza kuuma. OMS inasema mugonjwa wa VIH mwenye CD4 ziko chini ya 100 apimwe nacho. Mutu mwenye anakunywa dawa zake za VIH kila siku, makapita wake wanarudi kazini. Ile si maneno ya kufariji, ni kazi ya damu.

Kitu cha tatu kinatuuma zaidi, juu tunakinunua sisi wenyewe. Dexa. Tunaikuta kwenye meza kando ya soko, katikati ya biskuti na betri. Mwenye mugongo unamuuma anakunywa dexa. Mwenye anakohoa anapewa dexa na antibiotike mbili katika karatasi. Msichana mwenye anataka kunenepa, dexa. Na inafanya kazi kweli: homa inashuka, maumivu yanapotea, njaa inarudi, mutu anasema: «Nimepona, narudia kwenye shimo.» Lakini dexa haikuua adui. Imezima simu. Walinzi hawaiti tena, ukuta wa mushipa haunati tena, makapita wanapungua. Mutu anajisikia muzuri juu vita imesimama upande mumoja tu. Upande wa kuvu inaendelea.

Hatusemi dexa ni mubaya kila pahali. Katika mukono wa munganga, kwa ugonjwa wenye anaujua na kwa siku zenye anazihesabu, inaokoa watu. Na mutu mwenye ameikunywa miezi mingi asiiache kwa siku moja, juu mwili unaweza kuanguka: aende kwa munganga apunguziwe pole pole. Tunasema tu: dawa yenye inanyamazisha askari haipaswi kuuzwa kama karanga.

Kuko mwenye atasema: «Ninyi waandishi mnapenda kutuogopesha. Baba zetu walichimba bila kujua zile kuvu, na walizeeka.» Tunajibu kwa mufano wa migodi, haiko wa vitabu. Katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika ya Kusini, kati ya 1941 na 1944, wachimbaji karibu 3000 walipata vidonda vya kuvu yenye inaitwa Sporothrix. Ilikuwa inakaa katika mbao za kutegemeza mashimo. Mutu anakwaruzwa kidogo na mbao, kisha kidonda kinatoka, na baada ya siku vingine vinapanda juu ya mukono kwa musitari, kimoja nyuma ya kingine. Mbona kwa musitari? Juu kuvu inafuata ile njia ya maji ya mwili, njia yenye askari wanatumiaka kwenda kwenye vifundo. Je, walisema ni uchawi? Walisema ni uvivu wa wachimbaji? Hapana. Walitafuta, walikuta mbao, wakazitia dawa ya kuua kuvu, wakatunza wagonjwa na dawa ya bei ndogo, iodure ya potasiamu. Ugonjwa ulisimama.

Hapa kwetu, karibu na Kimpese katika Kongo Central, waganga waliandika mu 2018 juu ya wagonjwa wa ile Histoplasma ya Kiafrika wenye hawakuwa na VIH. Maana yake adui iko katika inchi yetu, na haichagui wenye sida tu. Na watu wa Durba hawajasahau popo: kati ya 1998 na 2000, virusi ya Marburg ilishika watu 154 na kuua 128, wengi wa kwanza wakiwa wachimbaji wa mugodi wenye popo. Ile ni virusi, si kuvu. Lakini mulango ni ule ule.

Basi tunaomba nini?

Kwa makampuni na makoperative: maji. Kutoboa jiwe lenye limelowa maji kunashusha vumbi kabla haijaingia puani. Ile inajulikana zaidi ya miaka mia. Maske za kweli zenye zinashika vumbi ya mikroni, si kipande cha kitambaa. Mbao zenye zimetiwa dawa. Shimo la zamani lenye popo, watu wasiingizwe kulifagia kwa ufagio mukavu. Na mama wa Kamituga wenye wanatwangaka mawe ya dhahabu, wale tunaitaka «twangaises», wasisahauliwe juu hawashukaki chini. Vumbi yao iko sawa na ya chini, na mutoto iko mugongoni.

Kwa Leta na kwa wakubwa wa mitaa: makuta iko. Code minier, vile ilibadilishwa mu 2018, inasema kampuni itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji, na 15% ya redevance miniere irudi kwa muji au sekta yenye mugodi unakaa. Tumeona milango ya mukutano imepakwa rangi na makuta ya namna ile. Siye tunauliza: katika muji wenye watu maelfu wanakula vumbi, labo ya kutafuta kuvu iko wapi? Mikroskopi, rangi za kupima, ile kipimo cha Cryptococcus, mutu mumoja mwenye amefundishwa kuisoma. Ile haishindi bei ya jeep moja ya mukubwa. Komite za wenyeji zenye zinaandika liste ya kazi za 0,3% ziandike labo mbele ya jengo. Na dexa itoke kwenye meza za soko.

Kwa sisi wenyewe, wanaume wa shimo na bibi zetu: tujifunze kuuliza. Kikohozi cha wiki mbili, tuende kupima tebe, na kama ni tebe, tumalize dawa zote. Lakini kama makohozi yamepimwa, tebe haionekani, na dawa haisaidii, tusikubali kurudishwa nyumbani na karatasi ya antibiotike ya tano. Tuseme: «Munganga, mimi ninachimba. Shimo letu liko na popo. Je, haiko kuvu?» Yale maneno machache yanaweza kubadilisha kila kitu, juu munganga hawezi kutafuta kitu chenye hajawaza. Tumuambie kazi yetu. Tumuambie dawa zote tulikunywa, hata dexa, bila haya. Tupime VIH, bwana na bibi pamoja. Na tukitoka kwenye shimo, tuoge na kubadilisha nguo mbele ya kumushika mutoto.

Wazee wetu walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mulinzi wa mapafu peke yake hamalizi kuvu: anaita, na wengine wanakuja. Muchimbaji mumoja peke yake hawezi kuomba maji kwenye mashine, wala labo kwenye muji. Mukutano wa koperative wa mwezi huu, mutu mumoja asimame na kusoma ile musitari ya Code minier mbele ya wote. Kisha wa pili asimame. Kisha wa tatu.